Kusoma na Kuazima Vitabu Maseno Ukiwa Mgeni

Mwalimu, umeuliza kama wewe unayefundisha Kisumu, na ambaye si mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Maseno, unaweza kuingia katika maktaba yake na kurudi nyumbani na vitabu. Tenganisha mambo hayo mawili, kwa maana maktaba za vyuo vikuu kwa kawaida humruhusu mgeni kusomea ndani kwa kibali, ilhali kuazima huachiwa wanafunzi na wafanyakazi, ambao chuo kinaweza kuwadai kitabu kikipotea.

Kabla ya kupanda matatu ya barabara ya Busia, mwombe mwalimu mkuu barua inayotaja utafiti wako na siku unazokusudia kwenda, iwe na sahihi na muhuri unaosomeka. Nasisitiza muhuri kwa sababu niliwahi kurudishwa langoni mwa maktaba moja, barua mkononi, kwa kuwa wino ulikuwa umefifia hata jina la shule halikuonekana. Beba pia kitambulisho, na uulize mapema kuhusu ada ya wageni.

Tafuta vitabu kwenye katalogi ya mtandaoni ungali nyumbani, unakili namba zake za rafu, ili siku yako isiishie kuzunguka kati ya makabati. Tasnifu huenda usihitaji kuzifuata kabisa, kwani nyingi za Maseno zinasomeka bila malipo katika hifadhi yake ya kidijitali. Kitabu cha kukaa nacho wiki mbili, kwa kweli, ningekitafuta kwanza katika maktaba ya umma hapo mjini.