Maswali yenu: Vita vya Mjerumani na waliobeba mizigo

Barua nyingi safari hii zinauliza vita vya 1914 hadi 1918 vilivyopita Tanganyika, enzi hizo ikiwa koloni la Mjerumani.

Kwa nini Tanganyika iliingia vitani? (Msomaji, Morogoro)

Haikuingia, iliingizwa. Hakuna mzee wa Kihehe wala wa Kisukuma aliyeulizwa. Hata Gavana Heinrich Schnee alitaka koloni likae pembeni. Lakini Agosti 8, 1914 manowari ya Kiingereza, Astraea, iliipiga mizinga Dar es Salaam ikilenga mnara wa simu ya upepo, na wiki moja baadaye Wajerumani wakaichukua Taveta. Kumbuka Majimaji, vita vya wenyeji kumpinga Mjerumani, ilikuwa imezimwa 1907 tu, na njaa ikafuata. Kusini kulikuwa na watoto waliozaliwa katika njaa ile, na sasa baba zao wakachukuliwa tena.

Ni kweli nyuki ndio walioshinda vita vya Tanga? (Msomaji, Muheza)

Swali hili haliishi! Nyuki walikuwapo, na waliuma pande zote mbili. Novemba 1914 Waingereza waliteremsha wanajeshi wapatao 8,000 kutoka India, wamechoka na safari ya bahari, baada ya kuwaarifu Wajerumani kwamba mapatano ya kutoipiga Tanga yamevunjwa. Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi la Wajerumani, akapata nafasi ya kuleta askari kwa treni kutoka Moshi, na Waingereza wakashindwa. Mkiwapa nyuki sifa mnawanyima askari Waafrika waliopigana pale.

Babu alikuwa Keya, alipigana Burma katika vita vya kwanza. Alikuwa kikosi gani? (Msomaji, Mwanza)

Keya (askari wa King's African Rifles, jeshi la Mwingereza) walipigana Burma katika vita vya pili. Hakikisheni mwaka kabla ya kuniandikia.

Huoni kwamba Lettow-Vorbeck ni shujaa, hakuwahi kushindwa? (Msomaji, Dodoma)

Sioni. Mbinu alizijua, hilo halina ubishi. Akiwa na jeshi lisilozidi watu 15,000 hivi aliwahangaisha majenerali wa upande wa Waingereza, Smuts wa Afrika Kusini akiwamo. Ila jiulize jeshi hilo lilikula nini. Lilikula ghala la mkulima. Kila kijiji alichopita kilitoa mtama, kikatoa ng'ombe, kikatoa wanaume. Nyuma yake wakaja Waingereza na kuzoa kilichobaki. Wewe unaandika kutoka Dodoma, basi waulize wazee wa Kigogo habari za Mtunya, njaa iliyofuata baada ya majeshi kuchukua chakula na mvua kukosekana, ikafika hadi 1920. Naumia kuona vijana wa Ugogo wakisambaza picha ya jenerali huyu kwa fahari.

Jina la Kariakoo limetoka wapi? (Wasomaji wengi)

Nimeshalijibu mara nyingi: limetoka kwa Carrier Corps, kikosi cha wapagazi. Waingereza walipoiteka Dar es Salaam Septemba 1916 waliweka kambi ya wapagazi hao pale. Nairobi nayo ina Kariakor yake. Mnaishia kwenye jina, na hapo ndipo ninapotaka tukae kidogo.

Mbung'o waliua farasi na ng'ombe wa kukokota, kwa hiyo mzigo ukawekwa kichwani mwa mtu. Chukua mzigo wa kilo 25 na posho ya kilo moja kwa siku. Mpagazi akitembea siku 12 kwenda na 12 kurudi, karibu chakula chote alichobeba amekila mwenyewe, na askari aliye mbele hajapata kitu. Basi anatafutwa mpagazi wa kumbebea mpagazi. Ndivyo Waingereza walivyofikia kuandikisha watu karibu milioni moja. Vifo vilivyoandikwa vinapita 95,000, na wengi hawakuguswa na risasi. Watu waliozoea ndizi walipewa unga wa mahindi, wakausonga usiku kwa kuni mbichi, mvua inanyesha, ukaliwa haujaiva. Kuhara damu kukawamaliza, pamoja na malaria na homa ya mapafu.

Babu wa bibi yangu alichukuliwa upagazi, hakurudi. Nitalipata wapi kaburi lake? (Msomaji, Machakos)

Pole sana, dada. Huenda halipo lenye jina. Maandishi ya sanamu iliyopo Nairobi, barabara ya Kenyatta, yanawaita wapagazi miguu na mikono ya jeshi, tena yanaahidi kwamba ukiipigania nchi yako, hata ukifa watoto wako watalikumbuka jina lako. Majina yenyewe hayakuandikwa. Mwaka 2021 tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina. Waziri wa Ulinzi wa Uingereza akaomba radhi bungeni.

Anza nyumbani. Mkalishe bibi, washa simu umrekodi: jina, jina la baba yake, kijiji, chifu aliyemtoa, njia waliyoshika. Fanya wiki hii, bibi angali na kumbukumbu. Na mtu akikuomba pesa eti akuandikishie fidia, mkatalie.

Vita viliisha lini huku? (Msomaji, Songea)

Ulaya, Novemba 11, 1918. Huku Lettow-Vorbeck alikabidhi silaha Novemba 25, mjini Abercorn, leo Mbala ya Zambia. Siku hizo 14 wapagazi walikuwa bado njiani, na mizigo kichwani.