Kuhusu kipimo cha albumini na kobalti kwa mzee wa Mbale

Dada, umeuliza kama mzee wako anayebanwa kifua huko Mbale asubiri kipimo cha albumini na kobalti. Hapana, asisubiri.

Kipimo chenyewe kipo, na wazo lake ni zuri. Albumini, protini iliyo nyingi kuliko zote katika majimaji ya damu, kwa kawaida hushika madini ya kobalti kwenye ncha yake moja. Moyo ukikosa damu ya kutosha, ncha hiyo hubadilika na uwezo wa kushika hupungua. Basi fundi wa maabara anatia kiasi maalumu cha kobalti kwenye sampuli, kisha dawa inayogeuka kahawia inapokutana na kobalti iliyobaki huru. Kahawia ikikolea, albumini imeshindwa kushika. Badiliko hilo huonekana ndani ya dakika chache, wakati troponini, protini inayovuja kwenye damu misuli ya moyo ikiumia, huchukua saa kadhaa kupanda.

Shida ni kwamba kiharusi, ugonjwa wa ini, figo kufeli, hata albumini kuwa chache tu, vyote huvuruga majibu. Marekani walikiidhinisha 2003, lakini kwa kusaidia kuondoa shaka kwamba ni moyo tu, pamoja na kipimo cha umeme wa moyo na troponini.

Mpeleke leo hospitali kubwa iliyo karibu, apimwe umeme wa moyo mara anapofika, na troponini irudiwe baada ya saa chache hata kama ya kwanza ni safi. Wakiona tatizo, uliza kuhusu rufaa ya Taasisi ya Moyo pale hospitali ya Mulago, Kampala. Tafadhali asipande boda peke yake.