Jibu: Darubini kubwa juu ya kilima cha Bugando?

Mkuu, umeuliza kwa nini wataalamu wa nyota wanahangaika kupanda milima, na kama darubini kubwa ingefaa pale Bugando, Mwanza. Haifai, na tatizo ni hewa. Nyota unayoiona ikimemeta haimemeti yenyewe. Ni hewa iliyo juu yetu inayotikisika. Sasa ongeza mvuke wa Ziwa Victoria, mawingu na taa za jiji.

Mlima Mauna Kea kule Hawaii ina zaidi ya mita 4,200. Mawingu mengi hubaki chini yake, na hewa ni kavu. Ndiko ziliko darubini mbili za Keck, kila moja na kioo cha mita 10 kilichoungwa kwa vipande 36.

Afrika tunayo darubini ya SALT, Sutherland, Afrika Kusini: kioo chake kina vipande 91. Iko kwenye mita kama 1,800 tu, lakini ni nyika kame yenye giza totoro.

Kwa macho matupu, nenda kisiwa cha Ukerewe siku zisizo na mbalamwezi. Ila lipe ziwa mgongo, maana usiku huohuo wavuvi wa dagaa wamewasha taa zao. Kilimia, lile kundi dogo la nyota, utakiona vizuri tu.