Pumzi inakata kwa sababu ya spidi, usiache mazoezi

Dada uliyeuliza ufanyeje maana umejaribu kukimbia mara tatu na kila ukifika dakika tano pumzi inakata kifua kinawaka mpaka umeamua kuacha, naomba usiache, mimi nimepita humo humo.

Nauza mitumba Memorial hapa Moshi, kazi yenyewe ni kukaa toka asubuhi mpaka jioni. Nikiwa na miaka 43 nikapimwa presha ikasoma 148 kwa 94, daktari akasema dawa tusubiri kwanza, punguza chumvi, anza mazoezi, rudi baada ya miezi mitatu. Kesho yake alfajiri nikatoka mbio kama niko mchakamchaka wa shule, kabla sijafika hata msitu wa Rau nimeshika magoti sioni mbele. Nikajilazimisha wiki nzima, nikayachukia mazoezi kabisa.

Aliyeniokoa ni jirani yangu, mzee mstaafu ambaye ile nusu marathoni ya Kili yenye mlima wa Mweka ameikimbia mara kadhaa. Akaniambia mama, nenda mwendo ambao unaweza kupiga stori na mwenzako ila kuimba huwezi, ukiona sentensi huimalizi umezidisha, punguza, hata kama ni kutembea. Na kweli miezi miwili ya kwanza nilikuwa natembea tu haraka haraka, tena kwa kushuka upande wa Pasua, maana hapa kwetu ukielekea mlimani kila barabara inapanda na kupanda kunamaliza mtu anayeanza.

Nilivyokuja kuelewa ni hivi, ukienda taratibu misuli inapata oksijeni ya kutosha kuchoma mafuta na sukari, ukikimbia kuliko pumzi yako oksijeni haitoshi ndo unahema na miguu inawaka. Sasa ukirudia rudia ule mwendo wa taratibu moyo unapata nguvu, pigo moja linasukuma damu nyingi kuliko zamani kwahiyo hauna haja ya kupiga mara nyingi, mishipa inalainika presha inashuka, na misuli inavuta sukari kutoka kwenye damu, ndo maana wenye kisukari nao wanaambiwa watembee.

Mimi nilikuwa nahesabu mapigo asubuhi kabla sijatoka kitandani, nilianza na 82, mwezi wa tano toka nianze yakawa 66. Presha 126 kwa 80! Nililia pale pale mbele ya nesi. Usingizi nao ukarudi, hilo hata sikulitegemea.

Shirika la Afya Duniani wanasema angalau dakika 150 kwa wiki za mwendo wa kati, yaani nusu saa siku tano, na toka mwongozo wao wa 2020 hata vipande vifupi vinahesabika, kwahiyo ukishuka daladala mapema ukamalizia kwa miguu hiyo imo.

Ila kama unatumia dawa za presha usiziache kisa umeanza tizi, na hicho kifua, kama kinabana au maumivu yanaenda mkononi simama hapo hapo uende hospitali, usisubiri kesho.

Kama uko Moshi, Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi tunaanzia kipilefti cha mnara wa saa, tuko wamama sita, wawili bado wanatembea na tunawasubiri.