Mto wa Chicago uligeuzwaje, na je, uliwaokoa wahamiaji?

SWALI: Mheshimiwa Mhandisi, ninafundisha historia kidato cha tano mkoani Morogoro. Katika mada ya viwanda na ukuaji wa miji ya Marekani baada ya mwaka 1865, tumesoma kwamba Chicago iliugeuza mto wake ili watu wasife kwa maji machafu. Wanafunzi wananibana: mto unageuzwaje? Na wahamiaji waliokuwa wakiishi karibu na machinjio, walipona kweli?

JIBU: Mwalimu, wanafunzi wako wameuliza mambo mawili ambayo vitabu vingi huyachanganya, nami nitaanza na la kwanza.

Mto huo haukugeuzwa kwa kuuziba, bali kwa kuuchimbia njia iliyo chini zaidi ya ile uliyoizoea. Magharibi mwa Ziwa Michigan kuna mgongo mdogo wa ardhi, wenye kimo cha mita chache tu juu ya usawa wa ziwa, unaotenganisha maji yanayoingia ziwani na yale yanayoelekea Mto Mississippi. Wahandisi waliukata mgongo huo kwa mfereji wa kilomita 45 hadi Lockport, sakafu yake ikiwa chini ya usawa wa ziwa, mahali pengine katika udongo wa mfinyanzi na mahali pengine katika mwamba uliopasuliwa kwa baruti. Kazi ilianza Septemba 1892, na maji yaliachiwa tarehe 2 Januari 1900. Tangu siku hiyo mto uliokuwa ukimwaga ziwani ukaanza kuvuta maji kutoka ziwani, na malango ya Lockport yakawa ndiyo yanayopima kiasi cha kupita.

Wanafunzi waelewe kwamba maji taka yale hayakusafishwa, yalizimuliwa tu. Sheria ya Illinois ya mwaka 1889 ilitaka kila wakazi 100,000 wapatiwe mtiririko wa takriban mita za ujazo 566 kwa dakika. Mfereji ulisanifiwa kwa watu milioni 3, yaani karibu mita za ujazo 17,000 kwa dakika, wakati ambapo sensa ya 1890 ilihesabu watu 1,099,850. Si ajabu kwamba jimbo la Missouri, lililoko upande wa chini, lilikwenda mahakamani, ingawa lilishindwa mwaka 1906.

Tatizo lenyewe lilizaliwa na kasi ya ukuaji. Mwaka 1850 mji ulikuwa na watu wasiofika 30,000. Reli na viwanda, pamoja na machinjio makubwa yaliyofunguliwa mwishoni mwa 1865, viliwavuta Waairishi na Wajerumani, kisha Wapolandi, Wacheki na Waitalia, hata kufikia 1890 wakazi wanne katika kila kumi walikuwa wamezaliwa ng'ambo. Kwa kuwa ardhi ilikuwa tambarare mno, mhandisi Ellis Chesbrough alilaza mabomba ya maji taka juu ya barabara katika miaka ya 1850, akayafukia, kisha majengo yakainuliwa kuifuata barabara mpya. Mamia ya jeki ziliwekwa chini ya msingi, wafanyakazi wakasimama kila mmoja kwenye zake, na ishara ilipotolewa wote walizungusha kidogo kwa pamoja ili ukuta usipasuke. Hoteli ya Tremont House iliinuliwa wageni wakiwa ndani. Mimi kila nikiisoma habari hii huvutiwa na nidhamu ya wale vibarua, ambao majina yao hayakuandikwa popote.

Lakini mabomba hayo yalimwaga mtoni, mto ukamwaga ziwani, na mji ulikunywa maji ya ziwa. Mwaka 1891 homa ya matumbo iliua watu 174 katika kila 100,000. Mkikutana na madai kwamba mvua kubwa ya Agosti 1885 ilisababisha vifo 90,000, msiyakubali. Maafa hayo hayakutokea.

Sasa swali la pili. Mfereji ulilinda chanzo cha maji, haukufika uani kwa mpangaji. Bomba kuu lilipita barabarani, ila kuunganisha nyumba lilikuwa jukumu la mwenye nyumba, na wengi waliacha vyoo vya shimo vikifurika huku wakiendelea kukusanya kodi. Mkono wa mto uliopokea damu na matumbo ya machinjio, ulioitwa Bubbly Creek kwa mapovu ya gesi yake, ulibaki umetuama na kunuka. Mwaka 1902, miaka miwili baada ya mto kugeuzwa, kata ya 19, iliyojaa wahamiaji, ilikuwa na sehemu moja ya 36 ya wakazi wa mji lakini sehemu moja ya sita ya vifo vya homa ya matumbo.

Daktari Alice Hamilton, aliyekuwa akiishi katika nyumba ya huduma ya Hull House kwenye kata hiyo, alichunguza vyoo na kuwashuku nzi waliobeba vimelea hadi kwenye vyakula. Uchunguzi wake uliwatikisa wakaguzi wa afya wa mji. Baadaye ilibainika kwamba kituo cha kusukuma maji cha eneo hilo kilipata hitilafu, na kwa siku tatu maji taka yaliingia katika bomba la maji ya kunywa, jambo ambalo wahusika walilificha.