Jibu: Mvinyo mzuri kwa mfuko mwembamba, hapa Iringa

Mkuu, umeuliza kama mshahara wa mwalimu unaruhusu mvinyo mzuri bila kukopa. Unaruhusu kabisa, ila acha kwanza chupa zilizovuka bahari, maana hapo unalipia meli na ushuru kabla hujalipia zabibu. Sisi Dodoma ni jirani zetu, lami inayopita bwawa la Mtera inatufikisha, na zabibu kule huvunwa mara mbili kwa mwaka.

Anza na mwekundu wa Makutupora, huko huko Dodoma, ule mkavu, yaani usio na utamu. Soma lebo vizuri, kwa sababu wengi hubeba ule mtamu wenye sukari nyingi halafu wanasema mvinyo wa nyumbani haufai. Wanaukosea sana.

Usichukue chupa iliyosimama dirishani ikipigwa jua. Mimi niliwahi kununua moja ya hivyo, lebo imepauka, kizibo kimevimba. Nilipomimina ilinuka siki na rangi imegeuka kahawia. Omba ya ndani, kwenye kivuli.

Ukifika nyumbani, mimina kwenye jagi, uache nusu saa. Ule ukali wa mwanzo unatulia, harufu ya matunda inatoka. Kwa baridi yetu ya Juni na Julai hata friji huhitaji, weka tu chini sakafuni.

Chupa moja inatosha watu wanne na mbuzi wa kuchoma. Ikibaki, ziba, weka mahali pa baridi, umalize ndani ya siku tatu. Mweupe uununue siku ukipata samaki wa Mtera.