Miaka 50 ya Mwambao imeandikwa wapi?

SWALI: Mimi ni mwalimu wa historia hapa Lamu. Wazee barazani husema Mwambao, ule ukanda wa pwani wa maili kumi uliokuwa wa Sultani wa Zanzibar, ulikodishwa Kenya kwa miaka 50 mwaka 1963, na muda umekwisha tangu 2013. Ni kweli? Na mbona kadhi amebaki ilhali watu wengi hawana ardhi?

JIBU: Mwalimu, wazee hawakuzua, wamechanganya karatasi. Miaka 50 imo katika hati ya Mei 1887, Sultan Barghash wa Zanzibar alipowapa mfanyabiashara Mackinnon wa Uingereza na wenzake ruhusa ya kuendesha utawala na forodha za pwani. Mkataba wa 14 Desemba 1895 ni mwingine: Uingereza ilichukua utawala kwa £11,000 kwa mwaka, enzi ikabaki ya Sultani, ndiyo sababu bendera yake nyekundu iliendelea kupepea Mombasa. (Zile maili kumi hupimwa kutoka maji yanapojaa, na upande wa kaskazini zilikomea Kipini. Lamu iliingia kwa kutajwa kama kisiwa.)

Mwaka 1961 Sir James Robertson, kamishna wa Uingereza na Sultani, alitumwa kusikiliza pande zote, akapendekeza Mwambao uungane na Kenya kabla ya uhuru, kwa masharti ya kuwalinda raia wa Sultani. Masharti hayo yakaandikwa Oktoba 1963, na hapa ndipo wengi hukosea, kwa kudhani hati ilikuwa moja. Tarehe 5, Jomo Kenyatta na Mohamed Shamte, Waziri Mkuu wa Zanzibar, walibadilishana barua za ahadi. Tarehe 8 ukatiwa saini mkataba wenyewe, baina ya Uingereza, Sultani, Kenya na Zanzibar: siku ya uhuru wa Kenya, Mwambao unaacha kuwa milki ya Sultani na mkataba wa 1895 unakufa. Hakuna muda wa kurejeshwa. Si kodi tena.

Sasa zisome barua kwa jicho la wakili. Uhuru wa dini, mahakama za kadhi na hati miliki zilizokwisha kusajiliwa vimeahidiwa "wakati wote". Maafisa wa utawala kuwa Waislamu kwenye maeneo ya Waislamu, na watoto kufundishwa Kiarabu, ni "kadiri itakavyowezekana". Maneno hayo mawili ni mlango wa nyuma. Hakuna hakimu atakayekupa hukumu juu yake.

Kadhi hakusalimika kwa nguvu ya barua. Aliingizwa katika katiba, na leo yumo katika kifungu cha 170 cha Katiba ya 2010: hadhi ya mtu, ndoa, talaka na urithi, iwapo pande zote ni Waislamu na zimeikubali mahakama yake. Ana masjala, karani na mshahara. Barua haina karani. Na aliyepaswa kuzidai zile ahadi nyingine, serikali ya Sultani, ilipinduliwa 12 Januari 1964, mwezi mmoja tu baada ya uhuru wa Kenya. Barua hazikutaja msuluhishi wa kumrithi.

Ardhi, kwa maoni yangu, ndipo penye uchungu, kwa kuwa ahadi ilitimizwa kama ilivyoandikwa. Ililinda hati. Sheria ya 1908 ilimtaka kila mwenye dai alipeleke lisajiliwe, na shamba lisilodaiwa likahesabiwa la serikali. Aliyepanda minazi na mikanju pasipo karatasi, Malindi kwa mfano, hakuwa na chochote cha kulindwa mwaka 1963. Akawa skwota juu ya shamba alilolilima.

Darasani, wape wanafunzi barua na mkataba bega kwa bega, wapige mstari chini ya kila "wakati wote" na kila "kadiri". Kisha waulize ni ipi kati ya ahadi hizo iliyoingia katika katiba.